Mbegu Zinatakiwa Leo

"Hivi mtoto wa maabara ana roho?" jirani aliwahi kuniuliza. Nikamjibu roho hutolewa na Mungu. Leo asubuhi basini nilikaa nyuma ya mama mmoja na mke wa mwanawe, nao walikuwa kwenye hilo hilo.

"Mama, ni mayai yangu na mbegu za mwanao. Zinakutanishwa kwenye kisahani, mimba ikishatunga narudishiwa tumboni."

"Mwanangu si ng'ombe wa kukamuliwa! Nimemkataza asije huko hospitali."

"Nimechomwa sindano siku kumi na mbili, mama. Mayai yanatolewa saa nne, na mbegu zinatakiwa leo leo."

"Mungu ana njia zake."

Na daktari kaumbwa na nani, nikajisemea.

Basi likasimama hospitali. Binti akampigia mumewe, akaiweka simu mapajani mwa mkwewe ikiita, akashuka kwenda kutolewa mayai.