Taratibu Anaiacha Kaunta

Baada ya miaka thelathini na mbili, mingi yake nyuma ya kaunta ya baa ya hoteli yetu, mhudumu mkuu ambaye kila mtu humwita Taratibu anastaafu rasmi Ijumaa hii. Wenzake wa baa wamesema wakishika kalamu watalia, kwa hiyo kazi ya kuandika imeangukia kwetu dobi, idara ya kufulia. Sisi huku tumezoea madoa.

Jina hilo alilipata kwa kinywaji kimoja: ile kokteli ya kufungua hamu ya kula, ya jini na mvinyo mweupe wa viungo ulioongezwa makali. Wengine huitikisa kama wanapepeta mchele. Yeye huikoroga. Vipande vikubwa vya barafu, jini, mvinyo kidogo, kisha kijiko kirefu kinazunguka bila kugonga kioo mpaka bilauri itoe jasho kwa nje. Anachuja, anakamulia ganda la limau juu yake, basi. Mgeni mwenye haraka huambiwa, "Taratibu, bwana," na kijiko kinaendelea. Wapishi walimtania kwamba anafuga majini kwenye friji, na hao hawakimbizwi.

Mteja wake wa kwanza alikuwa kaka yake mkubwa, fundi saa mwenye duka mtaa wa pili. Ndiye aliyemlea wazazi wao walipofariki, na ndiye aliyemwombea kazi hapa. Kila jioni akishafunga duka alikuja, akakaa pembeni mwa kaunta, akanywa moja tu, huku akiwaambia wageni asiowajua, "Huyu mnayemwona ni mdogo wangu. Mkono huo ni wa ukoo wetu." Kisha huyoo, nyumbani kula na mkewe.

Moja ikawa tatu, na tatu zikawa hazina idadi. Taratibu akaona mikono ya kaka yake inatetemeka, na watu wakaanza kupeleka saa zao kwingine. Akajaribu kumwokoa kwa ujanja wa kaunta: alipunguza jini, akaongeza mvinyo, akakoroga muda mrefu zaidi ili barafu iyeyukie humo. Kaka yake alionja, akaweka glasi chini. "Umenipa maji, mdogo wangu. Nimekukosea nini?"

Jioni iliyofuata hakumpa hata hayo. "Kaka, nisamehe," alimwambia, "lakini kwa mkono wangu hunywi tena." Kaka mtu akaenda moja kwa moja kumshtaki kwa meneja wa wakati ule. Meneja hakutaka kujua undani. Kwake mteja ni mteja. Taratibu akaondolewa baa, akaletwa dobi kukunja vitambaa vya meza.

Alikunja vizuri, tusimnyime haki yake. Lakini dirisha letu linatazamana na mlango wa baa, na kila jioni alimwona kaka yake akiingia. Aliyeachiwa kaunta alimmiminia bila swali. Mara kadhaa Taratibu aliacha vitambaa akatoka kwenda kumsihi. Kaka yake alimpita kama mtu asiyemjua. Hawakusemezana tena. Mwaka haukuisha, ini likamuua fundi saa.

Msibani, shemeji yake Taratibu, mjane wa marehemu, alimwambia sote tukisikia, "Umewanywesha wageni mji mzima, kaka yako ukamnyima. Amekufa na kinyongo chako." Taratibu alisaidia kupakia viti vya kukodi kwenye gari, akarudi kazini.

Alipokuja meneja mwingine, alitaka kumrudisha baa. Taratibu alikubali kwa sharti moja: mhudumu yeyote aruhusiwe kumkatalia mteja aliyezidiwa, bila kuonywa wala kuhamishwa. Alirudi kwa ahadi tu, akalisema sharti hilo kila kikao, hata wengine tukaanza kuguna akinyoosha mkono, mpaka likawa kanuni ya hoteli. Wako wake za watu waliokuja hapa kumshukuru kwa ajili ya kanuni hiyo. Siku ilipopitishwa tulimpigia makofi. Alisema, "Imechelewa," akaenda kufuta kaunta.

Hafla ya kumuaga ni Ijumaa, saa kumi jioni, ukumbi mdogo. Uongozi umeamua kumzawadia seti ya glasi za kokteli, ingawa tuliwaeleza kwamba mwenzetu hanywi.

Ombi lake lilikuwa moja tu, tumwalike shemeji yake. Tulikwenda wenyewe. Alitukaribisha vizuri, akatupa chai, akauliza habari za kila mtu isipokuwa za Taratibu. Akasema hatakuja, wala watoto hawatakuja. Tunaliandika jambo hili hapa, Taratibu, ili siku hiyo usikae ukitazama mlango.

Asante kwa miaka yote uliyotupa. Tunakuombea siku za utulivu na afya njema, na ukikosa wa kuzungumza naye, njoo dobi. Tupo.