Mwalimu Scolastika Magesa na Namba 6174

Tarehe 30 Juni Mwalimu Scolastika Magesa anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha hisabati, mingi yake hapa shuleni kwetu Nyahanga. Kamati ya sherehe imeniomba maneno matamu. Yapo, ila hasira yangu itatangulia.

Mwalimu aliipenda namba 6174 kuliko zote. Chukua tarakimu nne, mradi zisiwe zote sawa. Zipange kuanzia kubwa, kisha kuanzia ndogo, utoe ya pili kwenye ya kwanza. Rudia kwa jibu ulilopata. Punde utafika 6174, na ukifika hutoki: 7641 kutoa 1467 ni 6174 ileile. Wanafunzi waliifanya hadi kwenye foleni ya uji.

Mwaka 2016 mchimbaji mdogo, Jilala, ambaye duara lake, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lilikuwa limejaa maji, alimkuta binti yake Mbuke akiandika namba ambazo kila mara ziliishia palepale. Akaogopa, akawaambia majirani. Maneno yakaenea: mwalimu anafundisha uchawi, na macho yake mekundu ndiyo ushahidi. Macho mekundu! Mtu aliyevuta vumbi la chaki robo karne awe na macho ya rangi gani? Na katika mkoa huu uliozika mabibi waliouawa kwa sababu hiyohiyo, wakubwa wetu, badala ya kumlinda, walimtoa darasani "mpaka hali itulie."

Yeye hakutulia. Alidai kikao cha wazazi, akampa Jilala chaki.

"Andika unazotaka, Baba Mbuke."

Akaandika 3524. 5432 kutoa 2345, akapata 3087. 8730 kutoa 0378, akapata 8352. 8532 kutoa 2358: 6174.

"Umefanyaje, mayu?" akauliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mimi nimekaa, baba. Umetoa mwenyewe."

Akafuta, akajaribu tarakimu za mwisho za simu yake. Akafika palepale. Akacheka, akawageukia wazazi wenzake.

"Mwanangu hajarogwa, jamani. Anajua hesabu."

Nje walikuwa wamesimama vijana wenye fimbo. Jilala alibeba mkoba wa Mwalimu, akatembea naye hadi mlangoni kwake. Hakuna aliyethubutu kuwasogelea.

Jumatatu Mwalimu alirudi darasani. Kiongozi wa kumwomba radhi hakutokea hata mmoja, na leo baadhi yao wamekaa meza kuu. Ngao watakayomkabidhi imeandikwa "kwa upole wake." Upole gani? Mwanamke huyu alipigana.

Asante, Mwalimu. Tunakuombea afya na pumziko refu nyumbani kwako Ngokolo, kati ya majirani wanaouliza kabla ya kushutumu.