Shangazi na Laini ya Jumamosi

Ifikapo tarehe 30 Juni, meneja wetu wa mauzo atastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Sisi humwita Shangazi, kwa sababu humuuliza mgeni kama amekula kabla ya kumuuliza amefuata nini.

Alianza katika kampuni yetu ya simu kama opereta wa swichibodi, namba za nusu ya mji zikiwa kichwani. Simu za mkononi zilipoingia, akahamia mauzo, na laini mpya hazikukosekana mkobani mwake. Siku binti yake alipojifungua, mkunga alinunua laini mbili kabla mjukuu hajalia.

Kisha akasikia kwamba shule moja ya wasichana, mbali na lami, haina mwalimu wa hesabu. Akaomba kampuni itoe laini ya bure. Kila Jumamosi alifundisha kwa simu kutoka chumba chetu cha mikutano, nao wasichana huko waliiweka simu yao ndani ya ndoo tupu ili sauti ivume.

Mwaka wa kwanza tu, mkurugenzi alitaka laini ikatwe, maana haikuingiza kitu. Mtihani wa mwisho ulikuwa umekaribia, na bila somo hilo wasichana wangeuingia mikono mitupu. Shangazi hakubishana. Alimwomba tu aje Jumamosi awaage wanafunzi mwenyewe, ndipo aikate.

Mkurugenzi alikuja amekunja uso. Kabla hajaaga, wasichana wakamwomba awasaidie swali moja lililowashinda. Alipomaliza, koti lilikuwa kitini na chai imepoa. Jumamosi iliyofuata alimtangulia Shangazi kufika, na miaka yote tangu hapo wamefundisha kwa zamu. Wengi wa wasichana wale walifaulu.

Mwezi uliopita tulikutana tukiwa na wasiwasi kwamba Shangazi akiondoka, laini itakufa. Tukajitolea kuendelea, mkurugenzi akiwa wa kwanza. Shangazi, ambaye humfuata mteja aliyehamia kampuni nyingine hadi mlangoni kwake, akatikisa kichwa.

“Ikateni,” alisema. “Mmoja wa wale wasichana amepangiwa kazi palepale. Wana mwalimu wa hesabu sasa.”

Akatia saini ya kuifunga kwa mkono wake, akatafuta kitambaa mkobani, nasi tukajifanya tunatazama dirishani. Tulilia pia.

Shangazi, ahsante kwa yote. Mungu akupe afya, amani na wajukuu wasiokuchosha. Jumamosi sasa ni zako.