Blanketi la Mama Lililoenda kwa Shangazi

Wapendwa, mtanisamehe, sisimami. Mguu mmoja umechoka, na ule mwingine ulibaki hospitalini hapa Embu. Nyinyi wa kikundi hiki cha wagonjwa wa sukari mnaijua hiyo safari. Nitaongea nikiwa nimekaa, kama mama yangu alivyokaa maisha yake yote.

Mama hakuwa wa huku. Alizaliwa Tanzania, na polio ilimla miguu akiwa mtoto. Baba, fundi wa mbao, alimkuta Moshi sokoni akishona nguo, akamwoa, akamleta kwao Kanyakine. Nyanya yangu alipomwona akishushwa kwa gari akasema, "Umevuka mpaka mzima kuniletea mtu wa kubebwa?"

Mama hakubebwa. Alijifunga vipande vya tairi magotini, akatambaa. Wakati wa kuchuma kahawa wengine walichuma juu. Yeye aliingia chini ya miti, akamaliza yale matawi ya chini ambayo wao waliyainamia wakilia mgongo. Akisema "shikamoo" ya kwao, watu walicheka. Watoto walimwita Nyoka. Na mimi, ndugu zangu, siku moja nilicheka nao.

Hiyo ni ndogo. Ngojeni.

Siku watu wa mchumba wangu kutoka Gachoka walileta mahari yangu, baba alikuwa amekufa. Desturi mnaijua: mama ya msichana anafunikwa blanketi mbele ya wageni, kila mtu aone aliyezaa. Nikamwambia mama, "Leo kaa jikoni. Tumewaambia mama yangu ni shangazi."

Aliniangalia. Akauliza tu, "Viazi vimemenywa?"

Akavuta karai, akaanza kumenya. Shangazi akakaa kwa kiti cha mama, akafunikwa blanketi jekundu. Vigelegele mama alivisikia akiwa kwa moshi.

Nikazaa watoto watano, na wajukuu sasa ni kumi na wanne, hakuna mjinga hata mmoja. Lakini wote niliwaambia nyanya yao ni yule shangazi. Kwa mama nilikuwa naenda peke yangu, kama mwizi.

Kisha sukari. Kidonda kidogo cha kidole, nikakipaka majani, nikakidharau. Hospitalini wakakata mguu juu ya goti. Nikarudi Gachoka nikageukia ukuta. Chakula nilikataa, dawa nikatema. Nikamwambia mzee wangu, "Wacha nife. Mimi sitatambaa mbele ya watu."

Shangazi ndiye alimpelekea mama habari. Akaja mchana, jua la Gachoka likiwa kichwani. Gari lilimwacha barabarani, akatambaa kupitia shamba letu la ndengu, vumbi mpaka kwa nywele. Mama mkwe alikuwa nje akipepeta. Nikasikia kutoka kitandani:

"Wewe ni nani unaingia kwa boma hivyo?"

"Hodi, mwenyeji. Nimekuja kumwona mgonjwa. Mimi ni jirani yao wa Kanyakine."

Jirani! Miaka yote hiyo, na bado ananifichia uongo wangu.

Nilianguka kutoka kitandani. Nikajiburuta mpaka mlangoni, damu ikatoka. Nikapiga kelele, "Si jirani! Ni mama yangu! Yule mlifunika ni shangazi. Huyu nilimficha jikoni!"

Ungo ukasimama. Mama mkwe akanitazama mimi, akamtazama yeye. Mama hakulia. Alisema, "Unatambaa vibaya. Weka uzito kwenye viganja, utachubuka."

Alikaa kwetu mwezi mzima. Alinikatia tairi. Alinifundisha kulima nikiwa nimekaa, jembe la mpini mfupi. Nikitema dawa, alinishika kidevu kama mtoto. Na mama mkwe, ambaye angeweza kunifukuza, alinunua blanketi, akaita ukoo wote, akamfunika mbele ya wajukuu.

"Limechelewa," mama akasema, "lakini baridi haijaisha."

Alirudi Kanyakine. Alilitumia msimu mmoja tu wa baridi, tukamzika nalo. Miaka yangu ya kumficha hakuna mtu atanirudishia, hata nikiomba namna gani.

Asante mama mkwe. Asante muuguzi aliyeniosha kidonda bila kuziba pua. Asante nyinyi mnaonisikiza na mnajua sikuwa mtu mzuri.

Somo langu ni fupi, shule sikusoma. Kama kuna mtu umemfungia jikoni kwa sababu ya aibu, leo ukitoka hapa usipitie sokoni. Nenda moja kwa moja umtoe. Na umbebee blanketi akiwa bado anasikia baridi.