Mkalimani na Vidonge vya Umakini

Wafiwa wenzangu, majirani, waheshimiwa wa mahakama, na ninyi nyote mliokuja kutushika mkono, poleni, na asanteni kwa kufika. Anayewasomea ni dada mkubwa wa marehemu, shangazi wa watoto wake, na wanaonijua wanajua kwamba siwezi kulia na kusoma kwa wakati mmoja, kwa hiyo nitasoma kwanza. Jana jioni wazee wetu walikaa sebuleni wakaniagiza niandike kwamba ndugu yetu aliugua kwa muda mfupi, basi, niishie hapo, maana mtama haumwagwi penye kuku wengi. Nimewasikia na nawaheshimu, lakini mjane amekataa, nami niko upande wa wifi yangu, kwa sababu kuku wameshaula huo mtama, minong'ono imefika hadi kwenye foleni ya kitabu cha rambirambi, watu wanaulizana kama alikuwa ameyarudia yale ya vidonge, na mficha maradhi kilio humuumbua. Basi sikilizeni yote, kisha mseme mtakalo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyumba ya mwisho karibu na tangi la maji, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto sita wa fundi mitambo na mama muuza vitambaa. Tangu alipoanza kutambaa hakushikika, akitumwa chumvi dukani alirudi na paka wa jirani, akitumwa tena alirudi na habari za watu wote wa mtaa ila chumvi hakuna, ndipo marehemu baba akamwita Upepo, na jina likamganda.

Elimu ya msingi aliipata kuanzia mwaka 1987 hadi 1993 katika shule iliyokuwa nyuma ya kituo cha treni, ambako walimu waliandika kila mwaka kwamba ana akili lakini hatulii, na kila mwaka akachapwa kwa kosa hilo hilo, kana kwamba kiboko kiliwahi kumtuliza mtu. Baada ya sekondari alisomea lugha chuoni, akahitimu Novemba 2002, na kilichomvusha kote huko ni masikio yake, kwani aliweza kusikia maneno kwa lugha moja na papo hapo kinywa chake kikayatoa kwa nyingine, na ni wakati huo tu, jamani, miguu yake ilipotulia.

Tarehe 2 Februari 2004 aliajiriwa kuwa mkalimani wa mahakama ya wilaya, kazi aliyoifanya hadi mwisho wa uhai wake. Kwa wasioijua kazi hiyo, mkalimani husimama kando ya kizimba, hula kiapo kwamba atafasiri kwa ukweli, bila kuongeza wala kupunguza, na shahidi akitukana, tusi lile lile hulifikisha kwa hakimu, huku uso wake mkavu. Siku moja mshtakiwa alimgeukia akamwambia kwamba hata yeye mkalimani ana sura ya kiatu, naye akalifasiri lote kwa sauti ya kazi, "Mheshimiwa, anasema mkalimani ana sura ya kiatu," na mahakama nzima ikaangua kicheko isipokuwa yeye.

Tarehe 20 Desemba 2008 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, wifi yangu huyu mnayemwona, mwanamke asiyejua kuzungukazunguka kwa maneno, na wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 2010 na kijana aliyezaliwa mwaka 2014.

Sasa nafika pale nilipoambiwa nikate kona. Mei 2018 binti huyo alipelekwa kwa daktari bingwa kwa sababu darasani hatulii wala hashiki anachoambiwa, na daktari alipokuwa akieleza dalili za tatizo la umakini, wifi yangu akamtazama mumewe, ambaye alikuwa ameshainuka mara tatu kwenda dirishani, akasema, "Daktari, huyo unayemweleza ni huyu hapa." Kweli, ndugu yetu naye alipimwa na daktari wa watu wazima, akakutwa na hali ile ile, na wote wawili wakaandikiwa vidonge vya kuongeza umakini, kila mmoja kwa kipimo chake. Na vilimsaidia, nalisema hili bila kumung'unya maneno, kwa mara ya kwanza maishani alimaliza alichokianza, akasikiliza hadithi za mwanawe mpaka mwisho, akarudi dukani na chumvi.

Mwaka 2020 ilianza kesi kubwa yenye mashahidi wa lugha mbalimbali, mkalimani mwenzake akiwa amestaafu, na kazi ya watu wawili ikamwangukia mmoja. Akaongeza kidonge cha mchana, kisha cha jioni, na dawa ya mwezi ilipokuwa haifiki mwisho wa mwezi akamwambia daktari imepotea, kisha akatafuta daktari wa pili katika mtaa mwingine, asimweleze habari za yule wa kwanza. Alikonda, akasaga meno, usingizi ukamhama, akawa mkali kwa watoto wasio na kosa, nasi tukamsifu, tukasema Upepo sasa amekuwa mtu, tazama anavyochapa kazi.

Siku ya Alhamisi, tarehe 11 Machi 2021, chumba cha mahakama kikiwa kimejaa, shahidi, mama wa makamo, aliulizwa swali na wakili, akainamisha kichwa, akanyamaza, na katika ukimya ule ndugu yetu akaanza kufasiri. Alifasiri sentensi nzima, iliyonyooka, kwamba shahidi anasema kuna watu nyuma ya pazia na wamekuja kumkamata. Wakili akabaki mdomo wazi, hakimu akaweka kalamu chini, akauliza polepole, "Mkalimani, nani amesema hayo?" naye akajibu, "Shahidi, Mheshimiwa." Mama yule akashtuka, akasema kwa lugha yake kwamba yeye hajafungua mdomo, na ndugu yetu, kwa mazoea ya kazi, akalifasiri hilo pia, "Anasema hajafungua mdomo," kisha akajisikia alichosema, akashika ukingo wa kizimba, na jasho likaanza kumchuruzika. Hakimu angeweza kumfukuza kazi palepale, lakini aliamuru watu wote watoke, akashuka kitini kwake, akaketi naye kwenye benchi la mashahidi mpaka wifi alipofika, na fadhila hiyo familia hii haitaisahau.

Alilazwa hadi tarehe 16 Aprili, na daktari wa magonjwa ya akili alituita sote, wala hakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema huu ni uraibu, kama uraibu mwingine wowote, hata kama vidonge vimetoka duka la dawa na vina jina la mgonjwa juu ya chupa, kwamba ubongo uliozoea kusukumwa ukinyimwa msukumo huanguka chini kabisa, na kwamba hakuna kidonge kingine cha kuziba pengo hilo, tiba ni usingizi, chakula, uangalizi wa karibu, na kukaa na mshauri wiki baada ya wiki hadi mgonjwa ajue kiu inamjia wapi na afanye nini inapomjia. Siku za kwanza zilitisha, alilala kama gogo, akiamka anakula kama aliyetoka kifungoni, kisha analia na kusema heri afe, na wauguzi walikaa naye kwa zamu, hawakumwacha peke yake hata kidogo.

Aliporudi nyumbani, bado mzito wa mwili na macho, mama yetu alimkuta amelala mchana, roho ikamuuma. Mama alitulea sita kwa sheria moja, kwamba dozi humalizwa, na chupa moja ilikuwa imesalia kwenye droo, akamletea na maji, akamwambia, "Dawa ya daktari haiachwi njiani, mwanangu, maliza upone." Naye akameza. Mama yuko hapa mbele, ameniruhusu niseme, kwa sababu kuna mama mwingine hapa ambaye angefanya vivyo hivyo kwa upendo ule ule. Kesho yake asubuhi ndugu yetu alikwenda mwenyewe kliniki akamweleza mshauri, na akaambiwa kuteleza si kuanguka, aanze tena, na akaanza.

Wengine wetu tulitaka vidonge vya binti vitupwe chooni, naye, akiwa hana nguvu hata ya kufunga kamba za viatu, alitukatalia, "Msimwadhibu mtoto kwa makosa yangu, dawa yake inamfaa." Basi vikafungiwa kabatini jikoni, ufunguo ukakaa shingoni kwa mkewe, na kila jioni mkewe akamsimamisha chini ya taa akamtazama mboni za macho, kama zimepanuka kwa dawa. Januari 2022 alirudi kazini kufasiri nyaraka tu, na Julai 2023 akaruhusiwa kusimama tena kando ya kizimba na kula kiapo. Jioni ile alimwambia mkewe, chini ya taa ile ile, "Kule nikisema jambo linaandikwa kama lilivyo, huku nikisema nimelala vizuri natazamwa mboni, sikatai, nilijitakia mwenyewe, ila naomba siku moja uniamini." Mkewe alimjibu kwamba anajaribu, na huo ndio uliokuwa ukweli.

Jumamosi tarehe 8 Juni 2024, asubuhi, akipiga pasi shati jikoni, alishika kifua, akakaa sakafuni, jasho likimtoka, moyo ukimwenda mbio. Mkewe akamuuliza amekunywa nini, akajibu, "Sijanywa kitu." Wifi yangu, kabla ya kumwita jirani mwenye gari, alifungua kwanza lile kabati, akaanza kuhesabu vidonge, akakosea, akaanza upya, na mumewe pale sakafuni akarudia, "Mke wangu, sijanywa kitu." Hospitalini, wifi alimwambia daktari kwamba ameyarudia. Damu ikapimwa. Saa tisa alasiri ndugu yetu akafariki dunia, na daktari akatoka na majibu, kwamba ni misuli ya moyo, iliyochakaa kimyakimya tangu miaka ile ya vidonge vya kupita kiasi, na kwamba hata kama gari lingefika mapema asingepona, na kwamba katika damu yake hamkuwa na chembe ya dawa hiyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya magonjwa ya akili na wa wodi ya moyo, mshauri wake ambaye hakumchoka, majirani, hasa jirani aliyeendesha gari huku akilia, na watumishi wote wa mahakama kuanzia hakimu hadi mlinzi wa getini. Ninyi mnaokunywa dawa kama mlivyoandikiwa, endeleeni kunywa, na wewe unayezunguka kwa daktari wa pili, unajijua, mwambie mtu leo kabla hujatoka kwenye msiba huu.

Mjane ameniomba nimalizie kwa maneno yake, kwa kuwa yeye sauti imemkauka, na nayafikisha kama alivyoyasema, bila kuongeza wala kupunguza: "Baba watoto, ulisema kweli, na mimi nilikwenda kuhesabu. Pumzika kwa amani."