Mgongo wa Bartholomeo na Matuta ya Klara

Sogea karibu. Weka mkono juu ya birika hili. Ni la marehemu mume wangu, Mmanyema wa Tabora, na anayeapa juu yake kisha akaropoka huota malengelenge ya ulimi. Apa kwamba nitakayokuambia hayatoki hapa. Umeapa? Haya. Mgongo wa Bartholomeo ulikuwa unapinda. Unapinda vizuri kabisa, kama wangu na wako. Hilo nimelitunza tangu mwaka hamsini na tatu na sikumwambia mtu asiyeliona kwa macho yake, ila dada yangu wa Mhunze, na yeye akiwaambia wa kwake huko hilo si juu yangu.

Wakati ule nauza kahawa Samuye, pale njia ya Isaka inapochepuka, ukutani mwa banda la kununulia pamba. Gogo lililalia mawe mawili, wanaume wamelisugua kwa makalio mpaka linang'aa, mimi na jiko langu upande wa kivuli. Wenyewe walikuwa Mabula, tukimwita Pipa kwa sababu ya ngoma yake. Nkwabi, tukimwita Robota, bunda la pamba, kwa sababu ya tumbo lake. Onesmo, tukimwita Katekista, maana alisomea ukatekista miezi mitatu akafukuzwa kwa kubishana na padri. Na Bartholomeo mwenyewe, tukimwita Mgongo. Wote wapiga ngoma za kulima. Bartholomeo ndiye mkubwa wao.

Usilime bila ngoma, ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mwenye shamba anapika pombe, anachinja mbuzi, watu wanakuja na majembe, ngoma inapigwa, mistari inakwenda. Ngoma ikilia mwenye jembe hanyanyuki, akinyanyuka kapoteza nyama yake. Na aliyeshika kijiti cha ngoma hashiki mpini. Mkulima anapewa mbavu. Mpiga ngoma anapewa paja. Sasa niambie, wewe mwenye akili, ungeshika nini?

Kwanza alikuwa Bartholomeo peke yake. Alirudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita akiwa ameangukiwa na gogo la shimoni, mgongo umekakamaa kama ubao, tukamwonea huruma, tukampa kijiti. Basi mwaka uliofuata wanaume wote wa Samuye wakaanza kuumwa. Huyu nyonga, huyu bega, Nkwabi akasema anaumwa kivuli. Kila mmoja akachonga ngoma. Alipoita watu Klara, mjane wa fundi baiskeli, ili wampalilie pamba, walikuja wanaume kumi na mmoja na ngoma kumi na moja. Jembe, hakuna. Wakapiga tangu asubuhi mpaka alasiri, wakala mbuzi, wakamaliza pombe, wakamshukuru sana. Wabeja, mayu, wabeja. Magugu yamesimama yanawatazama.

Sasa sikia ajabu. Asubuhi ya tatu yake matuta mawili ya Klara yakakutwa yamepaliliwa. Kesho yake mengine. Hakuna aliyejua ni nani, ila mimi. Nilikuwa naokota kuni alfajiri nikamwona Bartholomeo amejikunja kama ndoana, jembe linakwenda. Aliponiona akapiga magoti. Mama Generosa, akasema, ukisema nimekwisha, watanipanga mstari wa mbavu. Nikamuuliza kwa nini basi unalima? Akasema nililiona paja la mbuzi wake, nikalila, halikushuka. Hayo aliyasema yeye. Mimi nasema ni macho ya Klara, maana Bartholomeo naye alikuwa mgane, ameachiwa binti yake Melania tu, na paja la mbuzi halimfanyi mtu anyoe ndevu kabla ya kwenda kupalilia.

Basi siku yenyewe wamekaa gogoni wote wanne. Bartholomeo kanyooka kama nguzo, kikombe kakishika kwa ncha za vidole. Viganja vilikuwa vimechunika, nikaona, nikamjazia mpaka pomoni makusudi.

— Leo nimepita kwa Klara, akaanza Mabula. Yamebaki matuta sita tu.

— Na mnajua yanalimwa na nini, akasema Nkwabi.

— Na nini, Robota?

— Na ngoma zetu. Tulipiga Jumamosi. Udongo wa Samuye mzito, hausikii upesi. Mdundo umeshuka chini, umefika kwenye mizizi Jumatatu, magugu yakaachia.

Nilidhani watacheka. Hawakucheka. Mabula akaweka kikombe chini, akafikiri.

— Hilo lina maana, akasema. Ngoma yangu ni ya mti mzima. Matuta ya upande wa mto ni yangu hayo. Mazito yale.

— Ya upande wa mto yamelimwa na ngoma ndogo, Pipa, akasema Nkwabi. Kubwa inavuma juu, inafukuza ndege. Ndogo ndiyo inachokonoa.

— Inachokonoa meno yako.

— Taratibu, akasema Onesmo, amenyanyua kidole kama yuko mimbarini. Kama ngoma zimelima, basi kazi imefanyika mara mbili. Tulilipwa kwa kupiga. Kwa kulima bado. Yule mama ana deni la mbuzi.

Nikamwona Bartholomeo anamwagikiwa kahawa.

— Ana mbuzi mmoja tu, akasema. Tena ana mimba.

— Basi ni wawili, akasema Nkwabi. Anatosha.

Hapo ndipo walipoanza kugawana mbuzi aliye hai, wa mtu mwingine, aliyefungwa kwenye mti maili moja kutoka pale. Onesmo akasema lazima walaji wapangwe kwa umri, kama serikali inavyofanya.

— Wazee hawana meno, wapewe maini. Vijana wana meno, wapewe shingo, wataitafuna muda mrefu na watajiona wamekula sana.

— Nani mzee hapa? akauliza Mabula.

— Mwenye ngoma iliyopasuka, akasema Onesmo.

— Mimi nasema walipwe kwa uzito wa ngoma, akasema Mabula.

— Kwa uzito wa mpigaji, akasema Nkwabi, tumbo lake juu ya mapaja. Ngoma haili.

— Wenye watoto wengi je? akauliza Onesmo.

— Hao wapunguziwe, akasema Nkwabi. Wana mikono ya kuwasaidia nyumbani. Aongezwe asiye na mtoto, maana ngoma ndiyo mwanawe, na kila mtoto lazima ale.

— Kwa hiyo ngoma inakula, Robota. Umesema sasa hivi ngoma haili.

— Yangu inakula. Yako sijui ulivyoilea.

Nikawauliza mimi, kwa adabu tu, huku napepea mkaa: na wanawake? Wakanitazama kama birika ndilo lililosema.

— Wanawake hawapigi, Mama Generosa, akasema Onesmo.

— Tunatwanga kinu tangu tuna meno ya utoto, nikasema. Mdundo ni ule ule. Nikitwanga mimi, kuku wa jirani wanachezesha shingo. Sijaona hata ukwato.

— Kinu hakina ngozi, akasema Mabula.

— Wewe una ngozi, na hujalima.

Bartholomeo akacheka, akakumbuka mgongo wake, akaugulia. Na hapo hapo Klara akatokea, kashika kiuno, kanga imefungwa ya kazi. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole kwa sauti, na hiyo sauti ndiyo iliyokuwa inatisha.

— Mwadila, baba zangu.

— Mwadila, mayu.

— Shikamoo, Mama Generosa.

— Marahaba, mwanangu. Kunywa kahawa.

— Sinywi. Nimekuja kuuliza ni nani ananipalilia shamba nimshukuru.

Wanne wakatazamana. Onesmo akakohoa, akamweleza habari ya mdundo na mizizi, akamalizia na mbuzi. Klara akasikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti.

— Angalieni kule, akasema, akaonyesha wingu la Kahama, jeusi, limevimba. Hilo linanyesha usiku huu. Matuta sita yaliyobaki yasipopaliliwa leo, magugu yanapanda juu ya pamba na msimu wangu umekwisha. Kesho nafunga mizigo, namfungua mbuzi wangu, narudi kwa kaka zangu Mhunze. Mtakuja kupiga ngoma juu ya uwanja mtupu. Basi, nawaacha.

Akaenda zake. Wanaume wakabaki wanalitazama wingu, kila mmoja anatafuta kiungo kinachomuuma. Bartholomeo akanyanyuka, mkono kiunoni.

— Unakwenda wapi, Mgongo? akauliza Mabula.

— Kuulaza. Umenikaza vibaya leo. Sitainuka mpaka kesho.

— Kaukande kwa maji ya moto, mkubwa wetu.

Akaondoka polepole, amenyooka, anaugulia kila hatua. Alipopita kona ya banda la pamba akakimbia. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa kona.

Haikupita muda ikasimama lori la Geita, akashuka kijana wa machimboni, Donatus jina lake, kutoka Bukoba, vumbi mpaka kwenye kope, anakwenda kupanda treni Isaka. Akasalimia, akaomba kahawa. Wakamfurahia, maana mgeni ndiye msikilizaji. Wakamwelezea yote, ngoma kumi na moja, mdundo, mizizi, maini ya wazee. Donatus akanywa, akatikisa kichwa, akafikiri kweli kweli, maana alikuwa na heshima.

— Sisi machimboni Jumapili tunapiga ngoma, akasema. Ngoma moja, watu mia wanacheza. Sasa ile Jumamosi mlikuwa mnampigia nani?

— Vipi, tulikuwa tunampigia nani? akauliza Mabula.

— Ngoma za kulima. Mlimpigia mlimaji gani?

Mabula akatazama kijiti chake. Nkwabi akatazama tumbo lake. Onesmo akafungua mdomo, nikamwona anaitafuta ile miezi mitatu yote ya ukatekista, haimo.

— Mama, niongezee kahawa, akasema mwishowe.

— Imekwisha, nikasema.

Haikuwa imekwisha. Lakini nilitaka wanyanyuke.

— Huyu mgeni haamini, akasema Nkwabi. Twendeni tukamwonyeshe. Tutapiga pembeni mwa shamba, mdundo mmoja, aone magugu yanavyolala. Kisha tutamchukua mbuzi kabla mwenyewe hajakwenda naye Mhunze.

Wakaitana. Kila nyumba ikatoa ngoma yake. Wakaenda kwa msururu, Mabula mbele kabeba pipa lake kichwani, Donatus anasaidia upande mmoja kwa sababu aliona huyo mtu anaumwa bega. Mimi nikafunga jiko. Nilikwenda kwa vile palikuwa na watu wengi na pengine watataka kahawa.

Klara tulimkuta mlangoni pake anafunga kitanda kwa kamba. Akauona msururu, akasimama mbele ya mbuzi.

— Hatujaja kwa ugomvi, mayu, akasema Onesmo. Tumekuja kuthibitisha.

Tukauzunguka uzio wa minyaa, shamba likafunguka mbele yetu. Matuta matano kati ya yale sita yalikuwa meusi, safi, magugu yamelazwa pembeni mizizi juu. Na kwenye tuta la sita, mgongo juu, kichwa chini, kanzu kaikunja mpaka mapajani, mtu analima kama anayefukuzwa. Jembe linapanda linashuka. Amejikunja hata paji la uso linakaribia kugusa pamba.

— Magugu yanalala, akasema Donatus.

Bartholomeo akasikia. Alisimama ghafla, wima, haraka kuliko kijana yeyote wa Samuye, kisha akakumbuka, akapeleka mkono kiunoni. Ulikuwa ni mkono wenye jembe. Udongo mpaka viwikoni. Kifungu cha magugu kimemning'inia begani. Akawatazama wapiga ngoma wake kumi, mmoja mmoja, nao wanamtazama.

— Mgongo, akasema Mabula taratibu, kama mtu anayeongea na maiti. Ndiyo unaulaza?

— Nilidondosha kijiti changu cha ngoma, akasema Bartholomeo. Ile Jumamosi. Nilikuwa nakitafuta.

— Kwenye matuta yote?

— Kidogo kile.

Nkwabi akageuka kwa Onesmo, Onesmo kwa wingu. Likanguruma. Watu kumi wamesimama na ngoma, na mbuzi wao wameshamla mioyoni, na aliyelima ni mmoja, ana mikono iliyochunika, nayo iko wazi mbele ya kila mtu. Sikumwona akijificha kwa aibu. Alikuwa anamtazama Klara tu, anasubiri.

Klara akavuka matuta mpaka alipofika mbele yake. Akamshika mkono, akaufungua, akakitazama kiganja. Akamtoa yale magugu begani. Kisha akarudi pembeni, akasimama karibu nami, akasema kwa ile sauti yake ya upole:

— Endelea kukitafuta, Baba Melania. Limebaki nusu tuta.

Bartholomeo akashusha jembe. Na kwa kuwa wale kumi hawakujua kazi nyingine yoyote, na mkono ulikuwa tayari umeshika kijiti, Mabula akapiga, na wote wakaitikia, ngoma kumi kwa mlimaji mmoja, na ngoma ikilia mwenye jembe hanyanyuki.