Nesi Aliyenisalimia Nikiwa Kwenye Mashine

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Hapana, itikieni kwa sauti. Mimi napenda sana salamu ikiitikiwa, na leo nitawaeleza kwa nini.

Wengi mnanijua: Baba Fidelis, mkulima wa tumbaku kule Namtumbo, mtu wa maneno mengi. Mke wangu husema kama maneno yangeuzwa, tungekuwa na ghorofa pale Majengo. Basi Mungu alininyamazisha kwa muda.

Zamani dawa ya wadudu ilikuja kwa chama cha ushirika, na bwana shamba akisimama hapo hapo kutuelekeza. Soko lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, mambo yakawa rahisi: unaingia dukani, unapimiwa dawa kwenye chupa ya soda, unaondoka. Karatasi ya maelezo hakuna. Na sisi tukafurahi! Asubuhi moja shambani nozeli ya bomba langu la kunyunyizia dawa ikaziba. Nikafanya kama tunavyofanya wote, msinicheke: nikaitia mdomoni, nikapuliza. Ikaziba tena, nikapuliza tena. Na shati nilikuwa nimevua kwa sababu ya joto.

Hata jua halijafika utosini, mate yakawa yananitiririka, macho yanaona giza, miguu hainibebi. Wakanipakia kwenye lori la mahindi mpaka hospitali hapa Songea. Sindano za kupambana na sumu ile nilichomwa, lakini kifua kilichoka kabisa. Wakanipitisha mrija kooni, wakaniunga kwenye mashine ya kupumulia.

Ndugu zangu, nilikuwa nasikia! Mwili wote umelala, kope hazifunguki, kidole hakiinuki, lakini masikio ni mazima. Watu walinizungumzia pale pale kama gunia la mahindi. Niliogopa sana.

Isipokuwa nesi mmoja, Zuhura, binti wa Kiislamu kutoka Tanga. Kila akiingia zamu: "Shikamoo, baba." Kisha anasubiri, ananipa nafasi ya kuitikia, ndipo anaanza kazi. "Baba, sasa nafyonza makohozi. Utapaliwa kidogo, nivumilie." "Baba, nakugeuza ubavu, mgongo usije ukatoka vidonda." Ananisafisha kinywa, ananipaka mafuta midomo iliyopasuka, na kabla ya kila jambo nasikia bismillahi. Umeme ukikatika, ananipumulisha kwa mpira wa kuminya, anabana na kuachia, anabana na kuachia, huku ananisimulia mambo ya kwao Tanga. Mimi moyoni naitikia, marahaba, mwanangu. Haitoki!

Siku moja akaja kaka yangu mkubwa, Osmund. Akasimama pembeni ya kitanda, akangoja.

"Mdogo wangu hajawahi kukutana nami bila kunipa shikamoo," akasema. "Huyu ameshaondoka. Kinachopanda na kushuka ni upepo wa mashine tu. Mtoeni, tukamzike nyumbani wakati lori la kurudi Namtumbo lipo."

Mke wangu akaangua kilio. Daktari akasema nikitolewa kwenye mashine sitafika hata Mjimwema, hapo jirani tu. Osmund akajibu kwamba maiti haina haraka ya kufika. Nami nasikia yote! Nikapiga kelele ndani kwa ndani: Kaka, nipo! Bwana Yesu, nipe hata ukucha mmoja!

Zuhura akasema, "Mzee wangu, huyu baba anasikia. Jana nilimshika mkono nikahisi kitu. Mpe mkono wako, halafu msubiri. Usimharakishe."

Osmund akanishika. Kiganja chake kikavu, cha jembe. Nikakusanya kila nguvu niliyobakiwa nayo, nikaipeleka kwenye kidole kimoja: shikamoo, kaka. Kidole kikamkwaruza kiganjani.

"Marahaba!" Wodi nzima ilimsikia. "Marahaba, mdogo wangu!" Akapiga magoti sakafuni, mwanaume mzima analia. Habari ya lori ikaishia hapo.

Nguvu zikarudi kidogo kidogo. Lakini kabla macho hayajafunguka, Zuhura alihamishiwa kituo kingine. Mrija ulipotolewa nilimuulizia, hayupo. Niliruhusiwa nikiwa mzima, nikimshukuru Mungu, na bado nina deni la marahaba.

Wewe unayelia ndani na hakuna anayekusikia, Mungu anakusikia. Mtumaini! Na kama nyumbani kwenu kuna mgonjwa asiyesema, ingia umsalimie, kisha umsubiri.

Jana nilikuwa Majengo nanunua chumvi. Nyuma yangu mtu akamsalimia muuza duka. Uso wake sikuwahi kuuona, ndugu zangu, lakini sauti ile! Nilimwomba aje hapa leo, na amekuja, yule pale mwenye ushungi wa kijani. Simama, Zuhura, usione aibu. Nisalimie kama ulivyokuwa ukinisalimia.

Mmemsikia? Marahaba, mwanangu. Marahaba!